Ngao ya Mbele

Kuro ana duara jeupe matakoni,
kana kwamba aliketi kwenye benchi lenye rangi mbichi.
Hilo ndilo nililoliona kwanza, saa kumi na moja kasorobo,
nikishapita Nyongoro,
mikate mia tatu nyuma, bado na joto chini ya turubai,
nikiwahi Witu kabla chai ya kwanza haijachemka.

Akageuka. Akatutazama, mimi na gari.
Kisha boneti ikapanda hadi kwenye kioo
na rejeta ikatoa pumzi yake yote kwa mkupuo mmoja.

Sikuumia. Hilo watu hulisema haraka.
Maji ya kijani yalitiririka lamini
yakachanganyika na yasiyo ya kijani.

Huko Maweni, Ngumbao alipiga magoti mbele ya gari
akachungulia kama daktari wa meno.
"Taya limekwenda," akasema.
Akachora kwa chaki sakafuni: bomba la inchi tatu,
mawili ya kusimama, mawili ya kulala,
upana wa viganja viwili kati ya chuma na rejeta.
"Na taa zisizibwe. Watu huweka ngao ikawafumba macho,
halafu wanauliza mnyama katoka wapi."

Weka nzito, nikamwambia.
Akainua miwani yake nyeusi hadi kwenye paji.
"Nzito inakunywa mafuta. Nzito inakirudisha kishindo
kwenye chesisi, kwenye mbavu zako.
Chuma hakimezi kitu, Famau. Chuma hupokeza."

Weka nzito.

Elfu kumi na nane, na mikate minne ya vijana wake.
Zuena akalizunguka gari mara moja,
akasema linafanana na ng'ombe aliyefungwa mdomo.

Miezi mitano nilipita Nyongoro kifua mbele.
Sindano ya mwendo ikapanda bila kuombwa,
themanini, tisini na tano.
Ukivaa ngao utaamini kuna vita.

Kisha, usiku mmoja wa vuli, paa.
Mdogo, kiasi cha mtoto anayejifunza kutambaa.
Nilisikia kama mtu aliyebisha hodi kisha akaghairi.
Sikusimama. Nisimamie nini?
Rejeta nzima, taa zote mbili zinaona.
Nikafika Witu mikate ina joto, nikasifiwa.

Mchana, nikiosha gari, nikakuta manyoya
kwenye mshono wa kushoto, pale Ngumbao alipounga
akasahau kupiga tupa.
Machache, rangi ya mchanga, yamekauka.
Nikalipekua gari zima nikitafuta mkunjo,
kama mtu anayetafuta risiti.
Hapakuwa na kitu.

Yule kuro nilimlipia: elfu arobaini, siku tisa bila kazi,
na kila aliyeniuliza gari liko wapi
nilimsimulia habari zake, hadi lile duara.
Huyu paa hakunigharimu hata shilingi,
wala hakuna aliyeniuliza.

Nikarudi Maweni.
"Niikate?" Ngumbao akauliza, mashine tayari mkononi.
Hapana. Wapo kuro wengine, nami nina watoto wanne.
"Basi unataka nini?"
Nikamwonyesha mshono. Akachukua tupa.
Nikamshika mkono.
Tukasimama hivyo, wanaume wawili na kipande cha chuma,
hadi kijana wake mmoja akacheka.

Siku hizi natoka Malindi saa saba badala ya saa nane u nusu.
Nikishaiacha Minjila, hamsini, haizidi,
macho kwenye vichaka kuliko kwenye barabara.
Mikate hufika imepoa.
Kadara wa hotelini huibonyeza kwa kidole,
huniuliza kama gari lina ugonjwa.
Namwambia, ndiyo.