Dakika Mbili

Kadi inasema: eleza siku uliyomsaidia mtu.
Dakika moja ya kufikiri, mbili za kusema.
Anguyo, mdogo wangu, ameshika simu yenye saa,
amevaa shati la shule na uso wa mtahini asiyecheka.
Nje jenereta ya kinyozi inakohoa. Arua imekosa umeme tena.

Naanza. Nasema mvua ilikuwa imeikata barabara ya Vurra,
nasema mama aliletwa kwa pikipiki, kabanwa kati ya mashemeji wawili,
nasema jina lake, Furaha, katokea ng'ambo, upande wa Aru,
nasema taa ya wodi ilipozimika mimi—
"Muda," asema Anguyo.
Mtoto bado hajazaliwa.

Tangu darasa la kwanza nimesomeshwa kwa Kiingereza.
Walinivika kibao shingoni, kamba ya katani,
kwa kosa la kuomba maji kwa lugha ya mama.
Kwa Kiingereza niliikariri mifupa mia mbili na sita,
kwa Kiingereza naandika ripoti ya zamu kila alfajiri.
Leo chuo cha huko kwenye baridi kinataka uthibitisho,
na uthibitisho una bei:
akiba yangu ya mwaka, na gunia la angara
aliloliuza mama kabla samaki hawajapanda bei.
Nadhani ni kibao kile kile.
Safari hii nakilipia.

Kusikiliza nasikiliza. Mwanamume ndani ya simu
anaelekeza watu makumbusho: pinda kushoto penye duka la jibini.
Jibini naijua kwa sikio tu.
Sauti ya ulimi kati ya meno ninayo zamani,
kwa hisani ya Hajati Zamzam, Mnubi wa nyumba ya pili,
aliyekataa kuniuzia mandazi ya "selasini"
mpaka niseme thelathini.
Kuandika ndiko kunakonitoa jasho:
wengine wanaona hivi, wengine vile, toa maoni yako,
maneno mia mbili na hamsini.
Maoni yangu yanaishia mia na tisini,
zilizobaki nazijaza "hata hivyo".

Usiku wa pili nakata mvua.
Wa tatu nakata pikipiki, mashemeji nawashusha njiani.
Wa nne nakata Aru, na mpaka, na jina:
Furaha anakuwa mwanamke mmoja.
Naona aibu, kama niliyechana faili la mgonjwa.

Kuna kitu sijajua nikiweke wapi.
Usiku ule Kiingereza kilikaa ukutani, kwenye mabango ya wizara.
Yeye alijua Kilingala, mimi Kilugbara,
tukakutana kwenye Kiswahili cha sokoni, kile cha kupunguziana bei:
pumua, bado, bado, sukuma.
Hakuna aliyetupa alama.

Usiku wa sita kichwa kinatokea sekunde ya tisini.
Anguyo ananyanyua kidole gumba.
Mabega. Kitovu. Mwili mzima mikononi mwangu,
rangi ya majivu, hausemi kitu.
Sekunde ya mia na tano.
Nanyamaza.

"Endelea," ananong'ona, "kimya kinakula alama."

Najua. Nimesoma kitabu cha mazoezi, ukurasa wenye doa la chai:
jaza pengo, sema chochote, sema "swali zuri".
Lakini pale hapakuwa na la kujaza.
Simu niliibana kwa meno ili inimulikie,
vidole viwili vinasugua mgongo ule mdogo, vinasugua,
na Furaha ameinua shingo kutoka mtoni, haulizi.

Kinyozi amezima jenereta.
Saa imepita mia na ishirini, na Anguyo hajasema muda.
Ameinama, simu kaisahau magotini,
anasikiliza
kama atalia.