Safu ya Mmiliki

Kitabu nilikinunua Posta, elfu mbili,
kimelazwa kwenye turubai kati ya katekisimu na mwongozo wa kufuga kuku,
jalada limeng'oka, ukurasa wa tisini mchwa wamekula nusu.
Nusu iliyobaki ikanitajia mwanamke: Nemetona.

Wakelti wa kale walimwabudu, huko kwenye baridi,
wala hawakumjengea. Nyumba yake ni miti yenyewe,
mialoni imesimama duara na ukimya katikati.
Kisha wakaja askari wa Roma na patasi na lugha yao,
wakamchonga jiweni ubavuni mwa mungu wa vita
kama bibi harusi ambaye hakuulizwa.
Hekaya yake haipo. Sala yake, hata moja, haipo.
Limesalia jina,
na jina lenyewe, wanasema, maana yake ni Wa Msituni.
Wa Msituni, asiye na msitu.

Nikazima taa. Mimi ni mpima ardhi,
sina desturi ya kukosa usingizi kwa ajili ya miungu ya watu.

Jumatatu wakanituma Pugu, nyuma ya reli,
wanakotaka kujenga sheli ya mafuta.
Kwenye ramani: pori, robo ekari.
Machoni: mikongo mitatu, mkwaju, mitondoo,
na mpugupugu uliojipinda kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Ndani pamefagiwa.
Hapo ndipo miguu iliposimama. Pamefagiwa,
mistari ya ufagio bado mibichi mchangani,
chungu kidogo kilichomeguka mdomo, kipande cha kaniki,
na unga wa mtama ambao sisimizi walikuwa wakiuhamisha
kwa utaratibu kuliko idara yetu.

Bi Sikudhani anauza vitumbua kando ya reli.
"Ndiye wewe unayefagia mle?"
"Ndiye."
"Unamfagilia nani?"
Akacheka, maana neno hilo siku hizi vijana wamelipa mambo mengine.
Akageuza kitumbua kimoja, akageuza cha pili.
"Mama alifagia. Bibi alifagia. Jina walilijua wao,
mie nilikuwa mtoto, nawaza kucheza.
Alhamisi ikifika, mkono wenyewe unatafuta ufagio.
Ijumaa naswali kama wenzangu.
Nikufungie viwili au vitatu?"

Vitatu, nikasema.

Nikasimama na mafuta vidoleni
nikipiga hesabu ambayo chuoni hawakutufundisha:
kule jina limebaki bila miti,
hapa miti imebaki bila jina.
Nikataka kuwa mshenga. Nikaingia chini ya mkongo mkubwa
nikalitamka taratibu, Ne-me-to-na.
Hakuna jani lililogeuka. Kunguru alikohoa.
Nikaona haya, kama mtu aliyeingia matangani
akamlilia marehemu wa nyumba nyingine.

Kijana wangu Kitwana akashika kigingi, nami nyundo.
Mzizi.
Tukasogea. Mzizi.
"Samahani," nikasema, na Kitwana akanitazama,
akidhani nimemgonga kidole.
Tukarudi nyuma hatua nne, kisha tisa,
mpaka tulipovuka ukingo wa kivuli,
hapo kikazama laini, kama kisu kwenye papai.

Fomu ina safu ya matumizi ya sasa. Nikaandika: hufagiwa.
Safu ya mmiliki nikaiacha nyeupe.
Mkuu wa kitengo ataniita. Atasema vipimo vimepinda,
kiwanja kimepoteza kona nzima bila sababu,
na kwa upande wa karatasi ana haki.

Kitabu nimekitia kwenye mkoba wa kazi, pamoja na utepe wa kupimia.
Alhamisi nimeomba ruhusa ya nusu siku.
Kufagia kwenyewe sikuwezi sana;
nyumbani huwa wananicheka.