Mwenye na Mwenyewe

Baba alifariki Machi, theluji ikiwa bado imefika dirishani.
Ilipokuja Februari ndipo tukagundua
kwamba marehemu bado anamiliki kitu:
kifo cha mama.

Bi Gundersen wa bima hakulisema hivyo. Yeye alisema "hati".
Aliitoa kwenye bati la biskuti, akainyoosha
juu ya meza ya jikoni, hapa Calumet,
mji ambao shaba yake ilikwisha kabla hatujazaliwa.
Bima ya maisha ina watu watatu, alisema:
anayekatiwa, atakayelipwa, na mwenye bima.
Anayekatiwa ni mama. Watakaolipwa ni sisi, watoto.
Na mwenye ni Eino Karvonen,
aliyelala nyuma ya kanisa la Kilutheri
chini ya futi nne za theluji, hajibu barua.

"Huyo mwenye anaweza nini hasa?" akauliza Duane.

Anaweza kufuta jina na kuandika jingine.
Anaweza kuikopea.
Anaweza kuirudisha kwa kampuni, akachukua kilichomo.
Anaweza kuacha kulipa ada,
bima ikafa kabla ya mama.

Kaka akameza mate. Nilimwona.
Duka lake la mashine za theluji limezama kwenye madeni
na benki inampigia simu hata Jumapili.
"Mimi ndiye mkubwa," alisema, akitazama sukari.
Nami nikasema haya mambo ya karatasi nayaweza,
kazi yangu si ndiyo hiyo, kule zahanati?
Sikusema kwamba paa langu linavuja,
wala kwamba theluthi yangu nimeshaipiga hesabu
mara mbili, usiku, kwa penseli,
kisha nikafuta, kana kwamba mama angepita akaiona.

Mama alikuwa anasuka mkate wa iliki,
nyuzi tatu za unga, mkono juu, mkono chini.
"Na mimi je? Siwezi kuwa mwenye, mwenyewe?"

Unaweza, alisema Bi Gundersen, sauti imeshuka.
Ila siku ukihitaji kupelekwa nyumba ya wazee,
serikali itaihesabu kuwa mali yako,
itataka iliwe kwanza ndipo ikusaidie.

"Kumbe," akasema mama. "Nikitaka kuwa wangu, nisiugue."
Akaendelea kusuka.

Ndipo yule mwanamke akafunua ukurasa wa mwisho,
akasita, akavaa miwani.
Ajabu, alisema. Mwenye amekufa mwaka mzima karibu,
akaunti yake imefungwa,
na ada haijakosa hata mwezi mmoja.
Dola sitini na moja, kila tarehe tisa.

Duane akanitazama. Nikamtazama Duane.
Kwenye sinki maji yaliacha kutiririka.

Aili, kitinda mimba wetu, anayegawa barua
kutoka hapa hadi Laurium kwa gari lenye usukani kulia,
aliyekuwa hajatajwa na mtu tangu asubuhi,
alisema bila kugeuka:
"Bahasha zilikuja na jina la baba.
Barua ya maiti sheria ni kuirudisha ilikotoka.
Nikaona vibaya kumrudisha."

Hakuna aliyesema neno. Gari la kusukuma theluji likapita,
vikombe vikatetemeka kabatini.

Mama alijifuta unga, akaomba kalamu.
Alisema mirathi ya mumewe ni yake,
na hakimu akishaipitisha, hati itakwenda
kwa yule asiyemtazama kwa hesabu anapopanda ngazi.
Hakutaja jina. Aliandika tu, polepole,
herufi nne.

Kisha akakohoa.

Kikohozi cha unga, si kingine.
Lakini Duane aliinua kichwa,
nami niliinua kichwa,
hata Bi Gundersen, Mungu amsamehe, aliinua,

na Aili alikuwa tayari ameshika glasi,
anangoja maji ya bomba yapoe.