Imeingia?

Kompyuta yangu haina tena picha za kubofya.
Ilipooza masika iliyopita, bati la Pasua lilipovuja;
imebaki na weusi, na kistari kinachopepesa
kama mtu aliyefungua mlango asiseme karibu.
Humo ndimo nilimotaka kumwingiza Shangazi Elinaike
kabla ya kesho saa mbili asubuhi.

Daktari wa KCMC alishamchorea koo kwa kalamu ya bluu
mgongoni mwa fomu: hapa tutakata, hapa tutaacha tundu,
pumzi itapita.
Hakuchora pa kupitia sauti.
Shangazi akaikunja fomu mara nne, akaitia kwenye pochi
pamoja na pesa za mshare na chenji za watu.

Nikaandika arecord, nafasi, kistari, herufi moja:
mashine, nionyeshe masikio yako.
Ikataja mawili. Kadi sifuri, sikio lake la kuzaliwa.
Kadi moja, maikrofoni ya mtumba kutoka Memorial,
waya wake nimeufunga kwa plasta ya kidonda.

"Niseme nini?"
"Chochote."
"Hicho ndicho kigumu."
Akaanza na madeni.
Mama Kileo, ndoo mbili. Yule kijana wa toroli,
mkungu mmoja tangu Pasaka, na anapita njia nyingine siku hizi.
Dakika ishirini na tatu, mtu kwa mtu, bila daftari.

Nilipocheza, nikasikia feni.
Feni, na nyuma ya feni, kama nyuma ya ukuta,
mtu anayefanana na shangazi yangu.
Sikutaja kadi. Usipotaja, mashine huchagua iliyoizoea.
Nilikosa pa kuficha uso. Yeye akacheka mpaka akakohoa:
"Basi wadaiwa wangu wamepona."

Mara ya pili nikataja kila kitu. Kadi moja, kifaa sifuri,
mara elfu arobaini na nane.
"Mara elfu arobaini na nane kwa siku?"
"Kwa sekunde, Shangazi. Inakusikiliza mara zote hizo."
Akaitazama ile maikrofoni na plasta yake.
"Marehemu mjomba wako, miaka thelathini, hakufikisha hata mia."

Kamera nayo, kwa mashine, ni faili tu: video sifuri.
Nikaifungua. Uso ukaja na chembechembe, taa yetu ni ndogo.
Mdomo ulitangulia, sauti ikafuata nyuma nusu sekunde.
Ipo amri ya kuvuta sauti mbele ikutane na midomo,
naijua, nimewafanyia watu harusi kwa amri hiyo.
Nilianza kuiandika.
Nikaifuta.

Kisha bila kuombwa akaita bei,
akaita kama yuko Mbuyuni alfajiri, malori yanashusha,
"Mshare! Mshare ya Kibosho! Usiguse kama hununui!"
Kipimo kikagonga ukingo, sauti ikapasuka kileleni.
Nilifungua mdomo kumwambia apunguze.
Nikapunguza mimi, upande wangu.
Mashine ikalalamika kwamba imezidiwa,
imeangusha milisekunde kumi na mbili.
"Zimeangukia wapi?" akauliza, akiinama kutazama chini ya meza.

Kumaliza ni rahisi: shika Kontroli, gusa C.
Vidole vyangu vilikuwa palepale.
Yeye amenyamaza, anafunga upya kilemba,
birika linachemka, mbwa wa kwa Mzee Ngowi anabishana na geti,
na faili linazidi kunenepa.
Sikujua kabla ya jana kwamba kimya hula nafasi
sawasawa na maneno.

"Imeingia?" akauliza, kwa ile sauti yenye mchanga.
Nikatazama namba zinavyopanda kwenye weusi.
"Inaingia, Shangazi.
Bado inaingia."