Mafundo

Kamba hii ya katani aliisuka baba mkwe, Ndahani,
akaipiga fundo kila urefu wa mtu.
Mwaka aliochimba kisima hapa Nzuguni
mafundo matatu yalitosha kulowa.
Alikuwa na mke, punda, na watoto wawili.

Nilipoolewa nilishusha saba.
Tulikuwa tisa tukila ugali wa uwele kwa mlenda,
na shamba bado halikuwa na namba.

Kisha wakaja wapima viwanja na vigingi vya zege,
malori ya mchanga, mabati mekundu hadi mlimani.
Serikali imehamia, na mji hauji bila mdomo.
Kila paa jipya lina simtanki juu,
kila simtanki lina mrija chini,
na chini ni kule kule.

Jana fundi wa mtambo kanidai kwa mita:
mia moja na kumi.
Maji yametoka. Yana chumvi.
Nikacheka. Kamba nimeifungia mbuzi.

Usiniambie tumezidi.
Nani? Nimwondoe yupi?
Alfajiri Mbeleje kajifungua, mjukuu wangu wa kumi na nne,
kaja amekunja ngumi
kama aliyeambiwa ashike kitu asikiachie.
Siwezi kumtazama usoni nikamwita hesabu.

Nimemwogesha kwa robo ndoo.
Yale maji sikuyamwaga,
nimeyapeleka kwenye mzabibu uliobaki
mpakani na jirani,
nikasimama pale, beseni kiunoni,
nikisikiliza ardhi ikinywa.

Ilikunywa haraka mno.