Kijiko cha Kumi na Saba

Nutsa ana miezi saba, meno mawili,
na hukumu.

Jumatatu nilimpa boga,
nililichoma kwenye oveni hadi likalegea kama siagi juani.
Akalionja. Akanitazama
kama hakimu anavyomtazama shahidi mwongo,
kisha akalirudisha duniani, polepole,
kwa njia ya kidevu, kwa njia ya shingo,
hadi kwenye ule mkunjo ambao kitambaa hakiufikii.

Jumanne, pea. Hapana.
Jumatano karoti, nikaisaga mara tatu
maana niliona chembe, moyo ukanidunda. Hapana.
Alhamisi, dengu. Tusizungumzie dengu.

Haba na haba, wasema, hujaza kibaba.
Kwangu haba na haba imejaza sakafu.

Tsiala, mama mkwe, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne
na chupa ya asali mfukoni mwa koti.
Mizinga ni yake, huko Racha, milimani,
ambako theluji bado inafika magotini.
"Ncha ya kidole tu," alisema.
"Malkhaz nilimlambisha akiwa na siku arobaini. Mtazame."
Nilimtazama Malkhaz: futi sita na ushei, kasimama mlangoni,
anaogopa kuchagua baina yetu.
"Asali si kabla ya mwaka, mama. Daktari kasema
humo huweza kulala vijidudu,
na matumbo yake bado machanga."
"Nyuki wangu?"
Hapo nikajua nimetonesha kidonda.
Birika likachemka peke yake, hakuna aliyelizima.

Usiku nikaandika nyuma ya risiti ya umeme:
zabibu, zikatwe kwa urefu, vipande vinne;
njugu zisagwe ziwe unga, nzima kamwe;
chumvi isubiri; samaki apapaswe
hadi vidole vinuke mto Rioni na mwiba usibaki.
Nikasoma tena. Sikuwa nimeandika chakula.
Nilikuwa nimeandika woga wangu, kwa herufi ndogo.

Kwa sababu, niseme ukweli,
wiki iliyopita uji ulimpalia.
Akakohoa, akawa mwekundu, sekunde tatu, labda nne,
nami katika sekunde hizo nikazeeka
kumpita Tsiala.
"Akikohoa anajifunza," daktari aliniambia baadaye.
"Ukimya ndio wa kuogopa."

Jumamosi alirudi, mama mkwe, mikono mitupu.
Hakusalimu sana. Akasonga ugali wa mahindi meupe, wa kwake,
akachemsha boga, na chumvi akaiacha kwenye kopo
bila kuambiwa. Nikaona. Akaona kwamba nimeona.
Akabana kipande baina ya dole gumba na kidole cha shahada.
Kikapondeka.
"Fizi zitakiweza," alisema, akilisemesha boga.

Tukamketisha Nutsa wima, miguu imefika kikanyagio.
Halafu Tsiala akafanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria:
akala. Akala mwenyewe, akamsahau mtoto,
akasimulia bei ya kuni na jirani aliyeuza ng'ombe.

Vijiko kumi na sita nilikuwa nimevihesabu wiki ile.
Cha kumi na saba hakikuwa kijiko.
Kilikuwa kiganja chenye vishimo vinne juu yake,
kilichotambaa mezani, kikavuka ukingo wa sahani ya bibi,
kikanyakua boga,
boga lile lile la Jumatatu,
na kulipeleka puani, shavuni, kisha, kwa bahati, kinywani.

Akatafuna kwa meno mawili na ukaidi.
Akameza.
Hakuna aliyepiga makofi. Tuliogopa kumshtua.

Kipande cha pili alikitupa chini.
Kesho pengine atakataa tena, na ni haki yake.

Jioni nilipopangusa kabati niliikuta asali
rafu ya juu kabisa, nyuma ya unga.
Juu ya kifuniko, kwa kalamu, kwa mkono wa Tsiala unaotetemeka:
tarehe ya Julai,
na mwaka wa kwanza wa Nutsa.