Kofia ya Moshi

Miezi minane, Zuwena.
Miezi minane nimekaa chumbani kwa Kombo Ngwali, hapa Jadida,
kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, ile iliyofutika herufi ya M,
nikipigana na dubwana lile lile la majivu
kila usiku baada ya Isha,
mpaka likanitemea kofia.

Kofia ya Moshi.
Ulinzi mia mbili na kumi.
Seva nzima tulikuwa nayo watu kumi na mmoja,
na wa Wete ni mimi peke yangu.

Uliona mwenyewe. Nikiingia sokoni
(soko la mchezoni, si lile la samaki)
watu wakisimama.
Kuna mmoja yuko Maskati, anajiita Simbamarara wa Pili,
alinipa laki nne. Za kweli, za kwenye simu, za kununulia bati.
Nikamwambia ongeza.
Akaongeza hamsini.
Nikamwambia subiri, itapanda.
Na hilo "itapanda" nililitamka kwa sauti ya baba
mwaka ule alioficha magunia mawili uvunguni
akingoja Shirika litangaze bei mpya ya karafuu.

Kisha wakatangaza nchi mpya.
Ule mlima uliokuwa mwisho wa ramani
wameutengenezea ng'ambo.
Gigabaiti kumi na nne. Kombo alizipakua siku mbili,
umeme ukikatika, ukirudi,
akitugombeza tusifungue hata picha.

Jumatatu nikavuka mlima.
Nguruwe wa kwanza,
wa kwanza, Zuwena, mnyama wa kufundishia watoto,
nilimpiga mara mbili akafa
akadondosha kofia ya ngozi yake mwenyewe,
imeshonwa ovyo, haina hata jina.
Ulinzi mia tatu na arubaini.
Niliona karaha kuivaa.
Nikaivaa.

Halafu nikakaa nikiitazama ile ya Moshi.
Hakuna aliyeigusa.
Mia mbili na kumi jana, mia mbili na kumi leo,
moshi wake bado wapanda taratibu juu ya masikio.
Haikupungua hata nukta.
Ni nyumba iliyoongezwa chumba,
na chumba hicho dari yake iko juu,
na mimi niliyekuwa nikigusa dari kwa kichwa
nimeamka mfupi.

Mama alikuwa ukumbini anachambua makonyo.
Imevunjika?
Haikuvunjika.
Imeibiwa?
Haikuibiwa.
Basi unalilia nini?
Na vidole vyake havikusimama: karafuu huku, makonyo kule.

Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Chema changu nimekitembeza siku tisa.
Laki nne ikawa laki, laki ikawa elfu ishirini,
Simbamarara akanijibu kwa kidole gumba tu.
Jana mtoto mmoja wa Konde kaniambia: nakupa maboga sita.
Maboga ya mchezoni,
hata futari hayapikiki.

Ndipo ukaja wewe na simu ya mama yenye ufa
kuniuliza kama taa yako ya bati ni kitu.
Ile taa! Niliyokutupia mwaka wa kwanza nipate nafasi mfukoni,
isiyopiga, isiyokinga,
waliyogawa bure wiki moja mchezo ulipofunguliwa
wala wasigawe tena.
Nikaangalia sokoni. Nikafuta kioo kwa shati, nikaangalia tena.
Laki sita.
Wote waliohamia nchi mpya wanataka kitu
cha kuonesha kwamba walikuwapo ya zamani.

Uza, nikakwambia. Uza leo, uza kabla ya Ijumaa,
hujui kesho wataongeza nini.

Ukanitazama kwa jicho lile lile la mama.
Lakini kaka, ng'ambo ya mlima kuna kiza.
Nikiiuza, njia nitaionea nini?

Sikuwa na jibu.
Nikavuta ngozi ya nguruwe mpaka kwenye nyusi,
ukatangulia na taa,
nikakufuata.